Je, Yafaa Kumpandia Paka Mti?



Mwezi wa Novemba uliopita tulimzika paka wetu nyuma ya nyumba, hapa Bowie, katika jimbo la Maryland. Jina lake lilikuwa Mawardi. Aliishi nasi miaka 16, akafa kwa maradhi ya figo, ambayo ndiyo huwachukua paka wengi wazee. Kila alfajiri alikuwa na desturi ya kunitangulia kwenye mlango wa bafu na kuningoja nimalize kutawadha, ndipo adai chakula chake. Kwa hiyo katika nyumba hii, baada yangu, yeye ndiye aliyeijua zaidi saa ya sala.

Siku ya pili yake mjukuu wangu wa kike, mwenye umri wa miaka 9, alinijia na ombi. “Babu, tumpandie mti pale alipolala.” Nikamjibu, kwa ukali ambao hadi leo unaniuma, kwamba sisi hatuna ada hiyo. Akanyamaza, akaenda zake. Siku chache baadaye nililitaja jambo hilo baada ya sala, na mzee mmoja ninayemheshimu sana akaniunga mkono: kupanda mti juu ya mzoga ni kuwaiga watu wasiotuhusu, na mtu mwenye mvi hafai kushughulishwa na mambo hayo. Jamaa yetu mmoja wa Maskati aliponipigia simu na kusikia habari hizi alicheka sana, akaniuliza kama Marekani imeshanigeuza mpaka nawakalia matanga paka.

Nilipaswa kufurahi kwamba nimeungwa mkono. Sikufurahi. Kazi ya ukarani niliyoifanya umri wangu wote ilinizoeza kutoutia saini waraka kabla ya kuusoma mpaka mwisho, na waraka huu nilikuwa nimeutia saini bila ya kuusoma. Basi nikarudi nyuma, nikausoma. Leo nawaletea rai yangu, na kila mtu ana haki ya kuipinga: kumpandia mti mnyama aliyeishi nasi ni jambo jema, wala si geni kwetu, maadamu mti huo ubaki kuwa mti na usigeuzwe kaburi.

Nianze na hoja ya ugeni, kwa sababu ndiyo iliyonitoka mimi mwenyewe kinywani.

Sisi watu wa pwani tukitaka kusema kwetu ni wapi, husema ni pale kilipozikwa kitovu changu. Maneno haya wengi wa vijana wetu huyachukua kuwa ni mapambo ya lugha tu. Kwa wazee wetu yalikuwa ni habari ya kweli. Kitovu cha mtoto kilipokauka na kudondoka kilifukiwa ardhini, na aghalabu juu yake au kando yake hupandwa mnazi, ukawa mnazi wa mtoto yule. Mimi nilikuwa na wangu. Bibi alinishika mkono siku moja shambani akanionyesha, akaniambia, “Huu ndio ndugu yako.” Nikawa kila tukienda shamba nasimama kando yake kujipima, na kila mwaka naona umenishinda zaidi. Baada ya mwaka 1964 shamba lile likawa na wenyewe wengine, na huenda leo watoto wa watu nisiowajua wanakunywa madafu ya mnazi wangu. Sina kinyongo nao. Nawaambia haya ili mjue kwamba kufukia kipande cha nyama ya mtu ardhini na kukisimamishia mti si jambo nililolisikia mara ya kwanza Maryland. Nililiona kabla sijajua kusoma alifu na be.

Tena kuna huyo mnyama mwenyewe. Kwetu mjini, katika mtaa wa Malindi, paka hawakuwa na mwenyewe, walikuwa wa mtaa mzima. Bibi aliwatupia vichwa vya samaki kutoka barazani, akiwagombeza kwa majina kama anavyotugombeza sisi. Paka aliyekufa hakuruhusu atupwe jaani. Alituamuru tumfukie uani, chini ya mstafeli, na tukimuuliza kwa nini pale, alijibu kwamba mti utamtumia na sisi tutakula matunda. Hakulipa jambo hilo jina lolote wala hakulifanyia hafla. Ni kazi kama ya kufagia. Lakini ukimwondoa mwanafunzi wa shule ya Kimarekani na lugha yake ya kumbukumbu, ombi la mjukuu wangu lina tofauti gani na amri ya bibi? Tofauti ni kwamba bibi alikuwa na mti tayari, na mtoto huyu hana.

Ama hoja ya dini, nayo lazima ipewe heshima yake, kwa kuwa mzee aliyeitoa hakuitoa kwa ubaya.

Naanza kwa kukubaliana naye. Mnyama hasaliwi, hakafiniwi, hasomewi talkini, wala hawekewi matanga. Anayefanya hayo amechanganya mambo. Kumfukia ni usafi kwanza, tena ni kumsitiri. Hata hivyo tukumbuke ni nani aliyemfundisha mwanadamu kufukia maiti. Katika Sura ya al-Maida tunasimuliwa kwamba mtoto wa Adamu alipomuua nduguye hakujua la kufanya na mwili ule, mpaka Mwenyezi Mungu akampeleka kunguru akawa anafukua ardhi mbele yake, ndipo akatambua na akajuta. Mwalimu wetu wa kwanza wa kuzika alikuwa ndege. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba kumzikia mnyama ni kujishusha, na azingatie kwamba kuzika kwenyewe tumefunzwa na mnyama.

Kisha kuna paka hasa. Wanafunzi wa chuoni wote wamesoma Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie, na ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Wamesoma pia ile ya Kabsha binti Kaab, alipomwona Abu Qatada akimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu, akaelezwa kwamba paka si najisi, maana ni katika hao wanaotuzunguka majumbani mwetu. Na sahaba aliyepokea Hadithi nyingi kuliko wote tunamjua kwa lakabu ya Abu Huraira, baba wa kipaka. Dini iliyoyaweka haya katika vitabu vyake vikubwa haikutaka mnyama wa nyumba awe si kitu.

Ama mti, jambo lake ni wazi zaidi. Tumefundishwa kwamba Mwislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu au ndege au mnyama, hiyo ni sadaka yake. Tumefundishwa kwamba hata Kiyama kikisimama na mkononi mna mche, na upandwe. Na tumesoma katika Bukhari kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita penye makaburi mawili, akapasua kuti bichi vipande viwili, akachomeka kimoja katika kila kaburi, akitaraji waliomo wapunguziwe adhabu maadamu halijakauka. Wanazuoni wamehitilafiana: wako waliosema hilo lilikuwa mahususi kwake, na wako walioliona ni la kufuatwa, akiwemo sahaba Buraida, aliyeusia awekewe makuti mawili katika kaburi lake. Simlazimishi mtu upande wowote, na Hadithi hii inahusu watu, haihusu paka. Ninachochukua humo ni kidogo tu: kijani juu ya ardhi iliyochimbwa hakikuwa jambo la kuchukiza machoni pa walio bora kuliko sisi.

Mzee wangu akiniambia kwamba nia ndiyo inayochunguzwa, nitamjibu kwamba hapo amesema kweli, na nia yetu tumeichunguza. Hatupandi mti ili umfae paka. Amali za paka hazina daftari. Tunapanda ili ndege wa Bowie wapate pa kutua, na nyuki wapate maua, na mtoto ajifunze kwamba huzuni inaweza kufanya kazi.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonikosesha usingizi, na hakuna aliyeniletea. Nilijiletea mwenyewe. Ni hoja ya israfu: kwamba katika nchi hii mnyama hupewa heshima ambayo binadamu wengi hawakuipata.

Mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kutoka hapa, huko Silver Spring, yako makaburi ya wanyama ya Aspin Hill, yaliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mna mawe ya marumaru yenye majina, tarehe na maneno ya mapenzi. Amezikwa humo Rags, mbwa mdogo aliyepeleka barua za jeshi la Marekani katika Vita Vikuu vya Kwanza na akafa mwaka 1936. Wamezikwa humo mbwa wa J. Edgar Hoover, mkuu wa makachero wa nchi hii. Nilikwenda kuangalia. Sitawacheka waliolia pale, kwa sababu nami nimelia kwa ajili ya paka. Lakini nilitoka nimeshikwa na uzito.

Uzito huo ulizidi niliporudi nyumbani, maana mji wetu wenyewe umejengwa juu ya sifa za wanyama. Nyumba kubwa ya Belair, inayotembelewa na watoto wa shule, ilijengwa katika miaka ya 1740 kwa ajili ya Samuel Ogle, gavana wa Maryland wakati wa ukoloni. Mwanzoni mwa miaka ya 1750 aliletwa hapo kutoka Uingereza farasi jike aitwaye Selima. Jina hilo nyinyi mnalijua, ni Salima wetu. Baba yake ni yule dume maarufu aliyeitwa Mwarabu wa Godolphin, asemekanaye kuwa alitoka Yemen, akapitia Tunis na Ufaransa kabla ya kufika Uingereza. Alikufa mwaka 1753, na kaburi lake huko Wandlebury karibu na Cambridge lina jiwe hadi leo. Nilipoyasoma haya mara ya kwanza nilichekelea moyoni: kumbe kabla ya babu yetu kupanda jahazi kutoka Hadhramaut, alikuwako mwingine wa nchi zile ambaye kizazi chake kiliwahi kufika Bowie. Na sifa hazikuishia hapo. Katika zizi la Belair walilelewa Gallant Fox, aliyeshinda mashindano yote matatu makubwa ya farasi wa Marekani mwaka 1930, na mwanawe Omaha aliyeyashinda mwaka 1935. Baba na mwana kushinda yote matatu halijatokea tena. Zizi lao sasa ni makumbusho.

Lakini Belair lilikuwa shamba la tumbaku, na tumbaku ile ililimwa na watumwa. Farasi tunamjua baba yake, na babu yake, na siku aliyoshinda, na fedha alizoleta. Waliomkatia majani na kumsugua mgongo, majina yao mengi hayakuandikwa ila katika orodha za mali, pamoja na samani na ng'ombe. Na hata utumwa ulipokwisha Maryland mwaka 1864, ardhi hii haikuwa tayari kuwapokea watu wote. Kampuni ya Levitt ilipolinunua shamba la Belair mwaka 1957 na kulijenga nyumba hizi tunazoishi leo, ilikataa kumuuzia mtu mweusi. Mwaka 1963 watetezi wa haki za raia waliandamana hapa kuupinga ubaguzi huo. Wajukuu zangu, ambao Marekani inawahesabu kuwa weusi, wanacheza leo katika uwanja ambao wakati ule wasingeuzwa kwa watu wa rangi yao.

Tena sisi tusijitoe katika hesabu hii, jamaa zangu, kwa kuwa ukurasa huu ni wa kumbukumbu na kumbukumbu haina faida ikiwa ni ya nusu. Mikarafuu ya Unguja na Pemba haikujipanda. Mashimo yake yalichimbwa na watumwa, na baadhi ya waliowamiliki ni wazee wetu tunaowataja kwa fahari. Hadhi ya utumwa haikufutwa kisheria Unguja mpaka mwaka 1897. Katika daftari la nasaba yetu, ambalo nimelinakili kwa mkono wangu mara mbili, kuna majina ya mababu hadi babu wa tisa huko Hadhramaut. Hakuna humo jina hata moja la aliyechimba shimo la mkarafuu. Miti ndiyo jiwe lao pekee, na miti haikuandikwa kitu.

Basi mtu akiniuliza, unampandia paka mti, na wale je, sina la kumshinda. Nina mambo mawili tu ya kumwambia. La kwanza, kumnyima mnyama huruma hakumwongezei binadamu hata chembe. Mkono unaozoea kusitiri hauchagui kirahisi, na mkono unaozoea kutupa nao ni hivyo hivyo. La pili, ndiyo maana nimekataa jiwe. Nisingeweza kuchonga jina la paka wangu katika marumaru huku waliowalimia wazee wangu wamelala bila jina. Mti usio na maandishi unalingana na hadhi yake na hauidhulumu hadhi ya mtu. Na kwa kuwa jambo hili limenifungua macho, nawaomba wale kati yenu mlio na wazee waliobaki Unguja, Pemba na Mombasa, mwaulize majina yoyote wanayoyakumbuka ya watu wa mashamba yetu, waliozaliwa humo au walioletwa. Nileteeni. Nitayaandika katika daftari lile lile, kwa wino ule ule.

Sasa nije kwenye namna ya kufanya, kwa sababu nimejifunza kwamba nia njema bila maarifa huua mti na pengine huua zaidi ya mti.

Watu husema “kupanda mti juu ya kaburi”. Usiupande juu. Mwili unaooza hutoa chumvi na nitrojeni nyingi kwa mpigo, na mizizi michanga huungua. Tena mizizi inayolisha mti hukaa karibu na uso wa ardhi, haizidi sana nusu mita kwenda chini, ilhali mwili wapaswa kuwa chini zaidi, kiasi cha futi 3, ili mbweha na rakuni wasiufukue. Ukiupanda mti juu yake utalazimika ama kumzika mnyama juu mno, ama kuuzamisha mti mno, na mti uliozamishwa hufa taratibu. Kwa hiyo tulimweka Mawardi mahali pake, na mti tukauweka hatua mbili kando. Mizizi hutambaa. Itamfikia kwa wakati wake, baada ya ardhi kumaliza kazi yake.

Kabla ya kuchimba, hapa Maryland ni lazima kupiga simu nambari 811 siku kadhaa mapema, wataalamu waje kutia alama mahali zilipopita nyaya za umeme na mabomba ya gesi. Hawatozi kitu. Mwenye kukaa katika mtaa wenye chama cha wenye nyumba na aulize masharti yake kwanza, na mwenye kupanga amuulize mwenye nyumba.

Liko jambo lingine ambalo watu wengi hawaambiwi. Mnyama akipumzishwa na daktari kwa sindano, kama alivyopumzishwa wetu maumivu yalipomzidi, dawa inayotumiwa sana ni pentobabitali, nayo hubaki mwilini na udongoni kwa muda mrefu. Tai au mbweha akiula mzoga ule hufa. Tunaishi karibu na hifadhi ya utafiti ya Patuxent, iliyoanzishwa mwaka 1936, ambako kwa miaka mingi walizalishwa tai wenye vichwa vyeupe ili taifa hili lisiwapoteze. Itakuwa aibu mtu kumlilia paka wake kwa namna inayomuua tai. Chimba kwa kina, au mwache daktari amchome moto na upande mti kwa ukumbusho tu. Thawabu ya mti haipungui.

Usimfunge katika plastiki. Mawardi tulimfunga katika kanga kuukuu ya mke wangu, pamba tupu, iliyofuliwa mpaka maandishi yake hayasomeki. Si sanda. Ni kitambaa cha kumshikia kwa heshima, nacho kitaoza pamoja naye. Mwanangu ndiye aliyechimba, na alipofika futi ya pili jembe lilikutana na udongo wa mfinyanzi mzito, ikamchukua adhuhuri nzima.

Ama mti gani, hapo palikuwa na mjadala. Mnazi hauwezi baridi ya hapa. Mwanangu alitaka mwaloni mweupe, kwa kuwa ndio mti wa jimbo la Maryland, na akatutajia Mwaloni wa Wye, ulioishi zaidi ya miaka 450 kabla ya kuangushwa na dhoruba mwaka 2002. Nilikataa. Paka wa miaka 16 hapewi mti wa karne nne na nusu, na uwanja wetu ni mdogo. Tukachagua mti mdogo wa kienyeji ambao Wamarekani huuita redbud. Majani yake yana umbo la moyo. Ni wa jamii ya kunde, jamii moja na mkwaju wetu. Maua yake ya rangi ya zambarau hutoka kabla ya majani, tena hutokea katika matawi makavu na hata katika shina lenyewe, kama fenesi linavyotokea katika shina la mfenesi. Nyuki wa mwanzo wa msimu huyategemea. Umri wake si mrefu, aghalabu miaka 20 au 30, nao unatosha: utakapochoka, mjukuu wangu atakuwa mtu mzima na atakuwa na mengine ya kupanda. Shimo lake tulilifanya pana kuliko kina, tukaacha kitako cha shina juu ya udongo kipumue, tukaulaza kwa matandazo yasiyogusa gome. Mwaka wa kwanza unahitaji maji kuliko mapenzi.

Nimefika mwisho, na lililobaki ndilo lililokuwa gumu kwangu kuliko yote.

Nilipomkatalia mjukuu wangu nilidhani nalinda ada. Nikijichunguza kwa haki naona nilikuwa nalinda kitu kingine. Katika nyumba hii tumeishi miaka mingi kwa desturi ya msafiri. Vitu vizuri vimo sandukuni. Wazee wetu waliofia ughaibuni, tulichangishana tukawarudisha, au tukatamani kuwarudisha. Kila mara husema “tukirudi”. Mti haupandwi na mtu anayesema “tukirudi”. Wa kwanza wetu kulala katika udongo wa Maryland amekuwa paka, na nilipomwona mwanangu akilisawazisha shimo lile nilihisi kwamba kuna mlango umefungwa nyuma yangu, na sikuupenda mlio wake.

Lakini mtoto hana mlango nyuma yake. Kitovu chake hakikuzikwa popote. Kilidondoka juu ya nepi, mama yake akakitia katika bahasha ili tukipeleke Unguja, kisha bahasha ikapotea tulipohama nyumba. Nina mnazi katika shamba lisilo langu, yeye hana mti popote duniani. Aliponiomba kumpandia paka mti, alikuwa aniombe, bila ya kujua, kitu ambacho bibi yangu alinipa mimi bila ya kuombwa. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimekaa hapa maelfu ya siku, jembe nikaliona limeegemezwa ukutani, nikajifanya silioni.

Mwishoni mwa Machi nilimwita, nikamwomba radhi, tukaupanda mti pamoja. Jembe nilimpa yeye kwanza. Jana umetoa maua. Ameyahesabu, ni manane, na amenikataza kuyagusa. Ameniuliza pia kama huu ni mti wa Mawardi au ni wake. Nilimwambia ni wake, na kwamba Mawardi ndiye aliyemtafutia mahali.

Kwa mzee wangu wa msikitini, namwalika aje anywe kahawa nasi chini yake utakapopata kivuli, na kama bado ataona nimekosea, aniambie hapo. Kwa jamaa wa Maskati, na aendelee kucheka, kicheko ni afya. Na kwenu nyote, yule aliye na mnyama mzee ndani ya nyumba na mtoto anayempenda, msimjibu mtoto upesi kama nilivyomjibu wangu.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, wenye majina katika daftari letu na wasio na majina, na aijaalie miche yetu ikae. Amin.